Kichwa Ndani ya Mzinga

Brashi yangu kubwa nimeiacha nyuma ya mlango wa karakana, imesimama ndani ya kopo la mafuta ya taa. Msiiache ikauke. Brashi ikikauka inageuka fimbo, na fimbo haipaki rangi. Msasa umebaki vipande vitatu, nimevifunga kwenye kitambaa cha kanga. Hayo ndiyo makabidhiano yangu. Kilichobaki ni maneno, nayo nawaandikia hapa, Asha na Dismas, kwa sababu mlipoanza kazi mlinikuta mtu wa kununa mkadhani naringa. Siringi. Nina jambo.

Mimi ni Zuhura, Mama Rangi wa Nachingwea. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe. Nimepaka na kukarabati mizinga ya nyuki miaka ishirini na miwili, mpaka kifua kikakataa. Daktari alinisikiliza mgongoni akauliza, "Mama, unavuta sigara?" Nikamwambia navuta rangi. Hakucheka. Cheo sikuwahi kupata, hivyo hapo sina la kusimulia.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilikuja kuomba maranda ya kuwashia jiko. Karakana ilikuwa ya Mzee Bakari Mtauka, seremala, Mmwera wa upande wa Nandagala aliyehamia mjini na randa moja na misumeno miwili. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi, hakina mapambo. Alikuwa anatengeneza mizinga ya kisasa, yale masanduku yenye viunzi vilivyopangwa juu ambavyo nyuki hujengea masega, kwa ajili ya watu wanaoanza kufuga. Mikono yake ilishaanza kutetemeka. Rangi ilikuwa inafika zaidi kwenye vidole vyake vya miguu kuliko inavyofika kwenye mbao.

"Wewe mama," aliniambia, "mkono wako unatetemeka?"

"Hautetemeki, mzee."

"Shika hii. Maranda utachukua jioni."

Nilipaka mzinga ule kwa moyo wangu wote. Nje, ndani, chini ya mfuniko, hata viunzi. Sisi watu wa huku, mbao isiyopakwa kitu tunaiona chakula cha mchwa. Mtoto analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Mlango wa choo tunapaka oili chafu, nguzo tunapaka, kitanda tunapaka. Nikaona nimefanya kazi safi. Mzee Mtauka akaja, akainama. Akatoa viunzi vyote.

"Ingiza kichwa."

"Wapi?"

"Humo. Ingiza."

Nikaingiza. Akanifunika gunia kwa juu. Nikasikia sauti yake kwa mbali: "Vuta pumzi. Vuta tena." Nilitoka macho yanachuruzika, makamasi yananishuka kama mtoto wa chekechea.

"Ungelala humo?"

"Silali, mzee!"

"Basi. Nyuki naye ana pua."

Akanipa msasa. Siku nne nilisugua ndani ya sanduku lile mpaka mbao ikarudi kama ilivyotoka kwenye randa. Maranda yangu niliyapata siku ya tano.

Huo ndio ulikuwa mtihani wake, na hakuwa na mwingine. Kila mzinga kabla haujatoka karakanani, mtu aingize kichwa, afunikwe gunia, avute pumzi tatu. Ukisikia mbao na nta, mzinga unatoka. Ukisikia kitu kingine chochote, unarudi kwenye msasa. Wapita njia walikuwa wanasimama kutushangaa. Mtu na akili zake, kichwa kwenye sanduku, gunia juu, mchana kweupe.

Mengine nilijifunza polepole. Rangi ni ya nje tu, ya maji, nyeupe au rangi ya maziwa, unapaka mara mbili, na mzinga ukae kivulini wiki tatu kabla haujaenda porini. Mlangoni pa nyuki usipake. Acha upana wa kidole uwe mbao tupu. Ndani unasugua nta kwenye viunzi, kidogo tu, kama unavyompaka mtoto mafuta usoni. Nyufa unaziba kwa nta iliyochanganywa na unga wa msumeno, siyo puti ya dukani. Waya wa kuning'inizia unaupaka grisi ili siafu wasiteremke, na grisi unairudia, kwa sababu vumbi likishaigandia siafu wanapita juu yake kama barabara ya lami. Haya mnayajua. Nayaandika ili asije mtu akasema mimi nilikuwa siyajui.

Wanaoanza kufuga ni watu wa ajabu. Wanamwogopa nyuki, hawaogopi wanachomfanyia. Kule Nambambo alikuwepo bwana mmoja, fundi baiskeli, aliniita kwa hasira kwamba mzinga niliompa "unakojoa". Nikaenda. Kumbe aliona mweupe unachafuka haraka, akaupaka rangi ya kahawia nzito iliyobaki kwenye madirisha yake, akautundika mahali pa wazi, jua lote la mwezi wa kumi. Masega yameyeyuka, asali inachuruzika mlangoni, nyuki wamehama.

"Kaka, umewapika," nilimwambia.

"Mbona wifi yako anaishi kwenye nyumba ya rangi hiyo hiyo?"

"Wifi anakuvumilia tu. Nyuki hawakufunga ndoa na wewe."

Mkewe alicheka huko jikoni mpaka akaangusha mwiko. Siku hizo na mimi nilikuwa nacheka.

Mzee Mtauka ndiye aliyenipeleka pori la Nahimba mara ya kwanza. Nahimba ni kitongoji kidogo upande wa Nandagala, alikozaliwa yeye, na alikoolewa dada yangu Rukia. Pori lenyewe lilikuwa kipande tu, miyombo na mininga, na kijito kinachobaki na maji hata kiangazi kikali. Pande zote nne lilikuwa limezungukwa na mashamba ya ufuta. Tulitundika mizinga sita siku hiyo. Tulipomaliza akaketi chini akaninyooshea kidole miti ile. "Mimi natengeneza sanduku tu," akasema. "Mzinga ni huu." Nikaitikia, kama mtu anavyoitikia maneno ya mzee aliyechoka.

Alifariki masika moja, mimi nikiwa na miaka kumi na mitano kazini. Mpwa wake Selemani, aliyekuwa anatukatia mbao, akaenda Namungo kwenye dhahabu, akasema atarudi na mashine ya kurandia. Hajarudi, wala mashine. Nikabaki mimi, randa, na gunia.

Sasa nawataja wahusika. Nawataja kwa majina kwa sababu na mimi nilitajwa, tena hadharani.

Wa kwanza ni Mohamedi Likwata, aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Nahimba. Alilitaka pori lile lifyekwe lilimwe ufuta. Dada yangu Rukia na wanawake wenzake kumi na mmoja wakasimama kwenye mkutano wakakataa. Wakasema wao watafuga nyuki humo, na kijito kitabaki. Wanaume wakacheka. Likwata alikuwa mjanja, hakucheka. Akasema, "Sawa akina mama. Msimu mmoja wa maua. Nyuki wakiingia kwenye mizinga mtakayotundika, pori lenu. Mizinga ikibaki mitupu, pori ni shamba. Tumeelewana?" Mkutano mzima ukasema tumeelewana. Rukia alinipigia simu jioni ile anahema. "Mdogo wangu, tumeshinda. Kazi iliyobaki ni yako." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nahimba mzinga mzuri haujawahi kukaa mtupu msimu mzima. Nyuki walikuwa wanautafuta wenyewe.

Wa pili ni Fidelis Ungele. Ulikuwepo mradi, ulikuwa na herufi nyingi na siku hizi haupo, uliowapa wanawake wale mbao za mizinga ishirini. Ungele ndiye alikuwa mratibu wake. Kijana wa mjini, viatu vyeupe, mkononi karatasi. Mzee alikuwa ameshafariki, ila Selemani alikuwa bado hajaondoka, akaunda masanduku vizuri tu. Siku ya kupaka Ungele akafika karakanani na makopo yake mwenyewe: rangi ya mafuta ya kijani inayong'aa, na dumu la dawa ya mchwa ya kuchanganya humo.

"Mama, utapaka ndani na nje. Mgeni rasmi anakuja Alhamisi."

"Ndani hatupaki, baba. Na leo ni Jumatatu, haitakauka."

"Mchwa wa huku unawajua wewe au mimi?"

"Nawajua. Mzinga unaning'inia kwenye waya, mchwa atapanda na ngazi?"

Selemani akacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kicheko kile. Ungele akakunja uso, akaikunjua karatasi yake mbele ya watu waliokuwa wamesimama barazani. "Mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

Nikaokota msasa.

"Si nakuuliza? La ngapi?"

"La nne."

"Hii imeandikwa na watu wenye digrii. Nje na ndani, imeandikwa hapa. Au nikusomee?"

Akaanza kunisomea, polepole, neno moja moja, kama mtu anavyomsomea kiziwi. Watu wa barazani walikuwa wananitazama mikono.

Dismas, uliwahi kuniuliza kwa nini sipendi mtu anisomee kitu. Ndiyo hiyo. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumwambia aingize kichwa. Lakini niliona aibu ya darasa la nne ikanipanda kama moto, na kitu kibaya kikaniambia, pengine kweli, Zuhura, pengine wenye digrii wamegundua dawa isiyonuka kwa nyuki, wewe na mzee wako wa Kiswahili cha sokoni mnajua nini? Nikashika brashi. Nikapaka mizinga ishirini, nje na ndani, siku mbili.

Jumatano jioni, Ungele ameondoka, nilichukua gunia. Nikaingiza kichwa kwenye mzinga wa mwisho. Pumzi ya kwanza ilinikata koo. Ya pili sikuimaliza. Nilitoka nikaketi chini, machozi yananitoka, Selemani amesimama anasubiri.

"Vipi, mama mdogo? Iko sawa?"

Nikasema, "Iko sawa. Pakia."

Neno hilo nimelisema mimi. Halikusemwa na Ungele wala Likwata.

Alhamisi ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mizinga ishirini ya kijani imepangwa mstari chini ya turubai, inang'aa, wanawake wamevaa sare ya vitenge, Rukia anaongoza nyimbo. Mgeni rasmi akasema hajawahi kuona mizinga maridadi kama ile. Ungele akaniita mbele. "Huyu ndiye fundi wetu," akasema, na watu wakapiga makofi. Rukia akanikumbatia. Alinusa shingo yangu, akasema, "Unanuka kazi." Nikajua nilichokuwa nanuka.

Waliitundika kesho yake. Miyombo ikachanua. Wiki ya kwanza nikajiambia upepo utatoa harufu. Wiki ya tatu Rukia akapiga simu.

"Wamekuja! Zuhura, wamekuja! Kundi zima, wamening'inia kwenye tawi juu ya mzinga wa saba, kama ndevu za sharifu!"

"Wameingia?"

"Bado. Wanatuma wapelelezi. Wanaingia mlangoni, wanatoka, wanaingia, wanatoka. Mama Saidi mwenzetu anasema tusiwasumbue."

Kesho yake: "Bado wako tawini." Sauti ilikuwa imepungua. Nilimuuliza kama wapelelezi bado wanaingia. Akasema wanafika mlangoni tu, wanasimama, wanarudi.

Siku ya tatu hakupiga. Nikapiga mimi. "Wameondoka," akasema. "Wamepita juu ya vichwa vyetu wote kwa pamoja, wakaelekea bondeni. Labda lingine litakuja."

Yalikuja mengine mawili, yakafanya hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipochukua pikipiki na msasa wa gunia zima, nikaenda Nahimba. Nilimwambia Rukia nimekuja kukagua tu. Tukateremsha mzinga wa saba, nikaanza kusugua ndani. Nikasugua tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mpaka nikawa naona mbao. Nikaingiza kichwa. Harufu ilikuwa pale pale. Ile dawa haikukaa juu ya mbao kama rangi ya siku yangu ya kwanza. Ilikuwa imeingia ndani ya mbao. Nilipotoa kichwa, Rukia alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ananitazama.

"Na mimi niingize?" akauliza.

Akaingiza mwenyewe. Akatoka anakohoa, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ulifanya hivi kabla hamjapakia? Ule mtihani wa mzee?"

"Nilifanya."

"Na ulisikia hivi?"

"Nilisikia."

"Halafu?"

"Nikasema iko sawa."

Rukia ni mkubwa wangu, kanibeba mgongoni. Nilitaka anipige. Alikunja kitenge chake vizuri, akaupandisha mzinga kwenye waya mwenyewe, akapaka grisi kwenye waya kama nilivyomfundisha, kana kwamba ndani mna watu. Akasema, "Usiwaambie wenzangu. Waache wangoje." Basi wakangoja. Walikuwa wanaondoka na vikombe vya uji kwenda kukaa mbali kidogo na miti, wananyamaza ili nyuki wasiogope.

Maua yakaanguka. Likwata akaja na watu wake, wakapita mzinga kwa mzinga, wanagonga kwa fimbo na kusikiliza. Alikuwa na adabu, hilo nalo liliuma. Mizinga ishirini, yote inalia kama debe tupu. Kwenye mkutano Ungele alisimama, na karatasi yake, akasema mradi ulifuata maelekezo yote, ila fundi wa Nachingwea, Mama Zuhura, elimu yake ni ndogo na pengine hakuchanganya dawa sawasawa. Kila mtu akanigeukia. Nikamtazama Rukia. Rukia alikuwa anatazama chini. Sikusema kitu, na Ungele akaketi.

Pori la Nahimba lilifyekwa kiangazi kile kile. Mininga iliuzwa, miyombo ikawa mkaa, iliyobaki ikachomwa. Mizinga sita ya Mzee Mtauka, ile niliyoitundika naye, ilikuwa na nyuki ndani. Likwata alisema kesi ilikuwa ya mizinga ishirini, siyo sita, na kwa maneno ya mkutano ule alikuwa sahihi. Wanawake waliomba wapewe siku mbili waihamishe. Wakapewa moja. Walihamisha miwili. Kijito kilitoa maji mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata tena kidogo. Sasa hivi wanafukua mchanga kutafuta maji.

Ungele nasikia yuko mkoa mwingine, anaratibu kuku. Likwata kapumzika uenyekiti, anasalimia watu vizuri msikitini. Ile mizinga ya kijani iligawanywa. Mama Saidi anawekea kunde. Anasema hazipati wadudu hata kidogo, nami nimemkataza asizipike, sijui kama anasikia. Nyingine imekuwa viota vya kuku. Kikundi kilikufa. Rukia tunaonana kwenye misiba na harusi, tunasalimiana, ananiuliza kifua. Hajawahi kunisema. Ningependa anaponisalimia siku moja anitukane, tumalize.

Mzinga wa saba niliuomba mimi. Niliutundika nyuma ya nyumba yangu hapa Nachingwea, wazi, bila mfuniko, mvua iunyeshee. Kila masika yakiisha nauteremsha, nachukua gunia lile lile, naingiza kichwa. Majirani wameshazoea. Mwaka wa kwanza nilikohoa. Wa pili, wa tatu, vile vile. Wa nne harufu ilikuwa mbali, kama mtu anayepaka rangi nyumba ya tatu. Kwa nyuki hata hiyo ni nyingi.

Mwaka huu, wiki niliyoacha kazi, niliuteremsha tena. Rangi ya kijani imebambuka yote, mbao imekuwa ya kijivu. Nikajifunika gunia. Nikavuta pumzi ya kwanza, kwa woga. Nikavuta ya pili. Nikavuta ya tatu, ndefu, yote ambayo kifua changu kinaweza. Mbao tu. Nikakaa humo humo gizani muda, nimeinama, magoti yanauma. Ningelala humo.

Nilipaka nje rangi ya maziwa, mara mbili, nikaacha upana wa kidole mlangoni. Nikaukausha kivulini wiki tatu. Nikasugua nta kwenye viunzi, nikapaka waya grisi, nikakodi pikipiki, nikaupeleka Nahimba kwa dada yangu. Rukia aliupokea kwa mikono miwili. Tukatembea naye mpaka mwisho wa shamba, tumeubeba kati yetu, ufuta umekwishavunwa, vishina vinatukwaruza miguu, na hatukuona mti wa kuutundikia.